Bwawa Si Ziwa: Nusu Siku Kwenye Boti ya Kamburu

Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde 40. Maji yametulia tuli, kiboko anachungulia na vile vimasikio vyake, na mimi nimevaa jaketi la kuelea nikicheka kama mtoto aliyepewa mandazi. Mliipenda, asanteni. Lakini swali lililorudiwa kuliko yote lilikuwa hili: "Hilo ni ziwa gani? Kwani Embu kuna ziwa?"

Si ziwa. Ni bwawa. Na usinione najifanya mwalimu, kuna tofauti kubwa hapo. Ziwa, sisi ndio tulilikuta. Bwawa ndilo lililotukuta sisi.

Leo basi nataka kuwapa ile sehemu ambayo haikuingia kwenye sekunde 40.

Tulitoka Embu mjini alfajiri, wanne ndani ya gari la kuazima. Ukishuka kutoka mjini kuelekea Mbeere unaona nchi ikibadilika mbele ya macho yako. Chai na kahawa zinabaki juu na baridi yake. Huku chini unakutana na mashamba ya ndengu, maembe, muguka, na mbuzi wanaovuka barabara bila kumuogopa mtu. Mwendo wa lami ukaisha, vumbi likaanza, na kabla jua halijawa kali tukawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mwea. Kabla hujauliza: hapana, si ile Mwea ya mpunga, ile iko Kirinyaga. Hii ni hifadhi ya wanyama ya kilomita za mraba 42, iliyotengwa mwaka 1976, pale Mto Thiba unapokutana na Mto Tana. Mito hiyo miwili haikutani tena kwa kelele kama zamani. Inakutana kimya kimya ndani ya bwawa la Kamburu.

Kwenye boti tulipewa mzee mmoja wa makamo, mpole, mwenye kofia iliyopauka. Alituuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia baba ni wa Embu, mama ni wa Meru. Akacheka: "Basi wewe ni wa maji haya pande zote mbili." Sikumwelewa hapo hapo. Nitarudi kwake.

Kwa saa moja hivi tulikuwa watalii wa kawaida. Mamba ameota jua kwenye kingo kama gogo lililosahaulika. Ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Ndovu kwa mbali, wakinywa maji bila haraka. Kisha mzee akazima injini, boti ikaachwa ielee, akaonyesha maji kwa kidole.

"Hapa chini," akasema, "nikiwa mtoto palikuwa na njia. Tulishusha mbuzi kunywa mtoni. Upande ule walikuwa wanapanda mtama na kunde, kwa sababu kando ya mto udongo haukauki haraka."

Nikamuuliza hiyo njia ilikuwa na jina. Akasema ndiyo. Akalitaja. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Sijalitamka siku nyingi. Nimtamkie nani?"

Jamani, hapo ndipo safari yangu ilibadilika.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mbeere ya miaka ya sitini ilikuwa nchi kavu ambayo serikali haikuiangalia sana. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho Nairobi ilikihitaji: Mto Tana, ambao Waembu na Wambeere wanauita Thagana, ukiteremka kwa kasi kwenye mawe. Mto unaoteremka kwa kasi ni umeme unaosubiri mtu wa kuukamata.

Wakaanza na Kindaruma, mwaka 1968. Ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mabwawa matano ndani ya miaka 20, yamepangana kwenye mto mmoja kama ngazi. Ukifuata maji kutoka juu unaanza na Masinga, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma, mwisho Kiambere. Masinga ndilo tangi kubwa, linatandaa kiasi cha kilomita za mraba 120 likijaa. Maji yakitoka hapo yanazungusha mitambo, yanashuka, yanazungusha mingine, hadi mara tano. Tone moja, kazi tano. Ukijumlisha mitambo yote unapata karibu megawati 600.

Nataka tuwe wakweli: hiyo ni kazi kubwa na nchi iliihitaji. Nchi change iliyotaka viwanda na hospitali isingeweza kukaa gizani. Wanaokumbuka mwaka 2000 wanajua. Mvua ilikosekana, Masinga ikashuka, na Kenya nzima ikaanza kugawiwa umeme kwa zamu. Siku hiyo ndipo mtu wa Nairobi aligundua kwamba taa ya sebuleni kwake inategemea mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua. Leo mvuke wa Olkaria umesaidia sana, lakini kwa miongo mingi Tana ndiyo iliyobeba nchi mgongoni.

Sasa swali langu: na Tana yenyewe ilibebwa na nani?

Wacha niongee kuhusu Kiambere, kwa sababu hiyo hesabu yake iliandikwa. Bwawa lile lilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ndio hao hao benki waliorudi baadaye kutazama watu waliohamishwa waliishia wapi. Kwenye tathmini yao ya mwaka 1994 wanakiri kwamba mradi ulipopimwa mwanzoni ilidhaniwa watahama watu 1,000. Waliohama walifika kama 7,000. Walilipwa pesa taslimu, si ardhi kwa ardhi. Kisha soma hii pole pole: wastani wa shamba la familia ulishuka kutoka hekta 13 hadi 6. Mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Mavuno ya mahindi kwa hekta yakaanguka kwa asilimia 68, maharagwe asilimia 75. Kipato cha familia kikatoka shilingi 10,968 hadi 1,976.

Yaani asilimia 82 ya kipato ilienda. Si kwa ukame, si kwa nzige, si kwa uvivu. Ilienda na maji.

Fikiria jinsi inavyotokea. Unapewa pesa mkononi, na majirani zako wote wamepewa pesa wiki hiyo hiyo, na wote wanatafuta shamba. Bei ya ardhi inafanya nini? Inapanda. Ile pesa iliyoonekana nyingi asubuhi, jioni inanunua nusu ya shamba, tena kwenye mawe, mbali na mto. Mbuzi waliokuwa wanashuka mtoni wakati wa kiangazi sasa hawana pa kushuka. Unauza mmoja, unauza wa pili. Mtoto anaacha shule. Hakuna mtu aliyekuibia usiku, na bado asubuhi huna kitu.

Na zile nyaya? Zilipita juu ya vijiji vya Mbeere kwenye minara mirefu zikielekea mjini, na kwa miaka mingi hazikushuka chini. Watoto walisomea koroboi wakiwa wanaona minara ya umeme dirishani. Mambo yameanza kubadilika miaka ya karibuni, sikatai. Lakini siku yetu ya boti tulipotoka nje ya hifadhi kutafuta chakula, kitu cha kwanza tulichokutana nacho barabarani ni punda wawili wamebeba mitungi ya maji. Kwenye nchi yenye mabwawa matano. Mama aliyewaongoza alitusalimu vizuri kabisa, akaenda zake.

Kijijini tulikula tilapia wa kukaanga na ugali kwenye kibanda cha mabati. Na hapo pia kuna historia. Wazee wengi wa Embu, Mbeere na Meru hawakuwa watu wa samaki. Cucu yangu mpaka leo ukimwekea samaki anamtazama kama nyoka. Bwawa ndilo lililoleta nyavu. Mzee wetu wa boti alituambia alifundishwa kuvua na vijana waliotoka upande wa Ziwa Victoria, akaanza kwa hofu ya mamba, akasomesha watoto kwa hiyo kazi. Kwa hiyo usinisikie vibaya. Sisemi bwawa lilileta kilio peke yake. Watu wa huku walichukua kile walichokiona mbele yao wakakigeuza kuwa maisha. Hiyo ni akili. Ila akili ya aliyeumizwa haifuti deni la aliyemuumiza.

Sasa nirudi kwa lile neno la mzee, "wa maji haya pande zote mbili." Nilimuuliza tukiwa tunarudi. Akanihesabia mito kama mtu anayehesabu watoto wake. Rupingazi, ule unaopita Embu mjini, ambao nimeruka mawe yake tangu nikiwa mdogo, unaingia Thiba, na Thiba inaingia Kamburu. Kathita, ule wa Meru, nao unashuka mpaka Tana, ila chini zaidi, mabwawa yakiwa yamekwisha. Kwa hiyo maji ya kwa baba na maji ya kwa mama yanakutana njiani, halafu yanatembea pamoja mpaka baharini Kipini. Miaka yangu yote nimejiita mtu wa mlima. Kumbe mlima ni mahali maji yanapoanzia tu.

Na ukiwauliza Wameru wenyewe, hadithi yao ya kwanza si ya mlima hata kidogo. Ni ya maji. Wazee husimulia nchi iliyoitwa Mbwaa, kando ya maji makubwa, ambako waliteswa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu. Wakatoroka wakiongozwa na kiongozi wao, maji yakagawanyika, wakavuka. Waliovuka usiku wakawa kundi la weusi, waliovuka alfajiri wekundu, waliovuka mchana weupe. Wako wanahistoria wanaodhani Mbwaa ni kisiwa cha Manda kule Lamu, wako wasiokubali. Mimi sitaamua ugomvi huo. Ninachokiona ni kwamba watu walihama wakiacha kila kitu nyuma, na karne zimepita, na bado wanajua waliovuka walikuwa nani na walivuka saa ngapi.

Sasa linganisha na Kamburu. Miaka 50 tu imepita. Mzee anajua jina la njia iliyo chini ya maji na hana wa kumtamkia. Wahamaji wa Mbwaa wana hadithi. Wahamaji wa Kiambere wana asilimia kwenye ripoti ya benki, na wajukuu wao wengi hata hawajui kwamba ripoti hiyo ipo.

Kwa nini nalisema hili leo? Kwa sababu ngazi haijaisha. Chini ya Kiambere, upande wa Tharaka, ndugu zetu tuliokuwa nao kwenye wilaya ya zamani ya Meru, kuna mpango wa bwawa jingine la High Grand Falls. Umo kwenye Ruwaza ya 2030 na umekuwa ukizungumzwa kwa miaka mingi. Ukija kujengwa, tutaambiwa ni maendeleo, na huenda yakawa maendeleo kweli. Mimi si mpinzani wa umeme, hata simu ninayoandikia hii inachajiwa nao. Lakini tutakaa kwenye vikao tukiwa tumebeba nini mkononi? Ningependa tubebe hesabu ya Kiambere. Tuulize: mmehesabu watu wangapi, na nani amehakikisha? Ni ardhi kwa ardhi, au ni bahasha tena? Nyaya zitashuka kijijini mwaka gani? Maji yatafika kwa bomba, au bado ni kwa punda?

Na kuna kazi nyingine ambayo haihitaji serikali. Ukiwa na babu au cucu aliyekulia kando ya Tana kabla ya maji kujaa, mtembelee wikendi hii. Washa simu, rekodi. Usimuulize mambo makubwa. Muulize tu: pale mlipovukia paliitwaje? Shamba la nani lilikuwa wapi? Makaburi je?

Mimi nilimwomba mzee wa boti anirudie lile jina la njia, nikaliandika. Akaniambia nisiliweke mtandaoni kwanza mpaka awaulize ndugu zake, kwa sababu ilikuwa njia ya ukoo, si yake peke yake. Nimekubali. Anawauliza. Nitarudi Kamburu mwezi ujao kuchukua jibu, na safari hii nitaenda na cucu. Samaki hatakula, hilo najua. Lakini boti amekubali kupanda.