Sokwe, Seremala na Mashine ya Kudurufu

Mjukuu wangu wa kike, aliyezaliwa na kukulia California, amenirithi kwa jambo moja: akitaka kitu hachoki kuuliza. Mwaka 2024 nilipokwenda kuwatembelea wazazi wake, swali lake lilikuwa lile lile asubuhi na jioni: "Babu, tutakwenda lini kwa Mario?"

Mario ni yule kibonge mwenye masharubu na kofia nyekundu katika michezo ya video ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Tangu tarehe 17 Februari 2023 ana bustani yake ya burudani, iitwayo Super Nintendo World, ndani ya Universal Studios Hollywood. Ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mjini Osaka mwaka 2021. Nilimjibu mtoto, "Tutaona," jibu ambalo kila mtoto anaijua maana yake. Sikuwa nachelea kiingilio. Nilikuwa na neno moyoni juu ya kampuni yenyewe.

Nilikuwa nimesoma habari za Mkanada mmoja aliyekuwa katika kundi lililouza vifaa vya kuvunjia kufuli za mashine za michezo, ili watu wacheze nakala zisizolipiwa. Mwezi Februari 2022 mahakama ya Seattle ilimhukumu kifungo cha miezi 40. Mbali na hayo, katika madai ya Nintendo alikubali kulipa dola milioni 10, fedha ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzimaliza katika umri wake wote. Sisemi kwamba hakukosa. Aliuza, akapata faida. Hata hivyo habari ile ilinichoma mahali ambapo msomaji hawezi kupajua nisipoungama.

Katika miaka ya themanini nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Vitabu vilikuwa haba, karatasi ni za kuombana. Kwa somo langu la historia tulikuwa na nakala moja ya kitabu cha kiada kwa darasa la wanachuo arobaini. Basi usiku nilikuwa nikipiga chapa sura nzima nzima kwenye stensili, na asubuhi tukazungusha mkono wa mashine ya kudurufu mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Sikuomba ruhusa ya mtu. Mwandishi wa kitabu kile hakupata hata senti moja kutoka kwangu. Wanachuo wale walikwenda kufundisha vijijini wakiwa na kurasa zile mikobani. Je, nilikuwa mwizi? Kwa miaka mingi sikujiuliza, mpaka niliposoma habari za Mkanada yule.

Kwa tabia ya mwalimu wa historia, kabla ya kutoa hukumu nilitafuta mwanzo wa mambo. Nintendo haikuanza na kompyuta. Ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi, fundi wa karata za hanafuda, zenye picha za maua ya miezi kumi na miwili. Karata hizo zilipendwa sana na wacheza kamari, na biashara ikastawi. Mwaka 1959 kampuni ilifanya mapatano na Disney, ikachapa picha za vikaragosi vyake juu ya karata, nazo zikaingia katika nyumba za watu wenye watoto. Kwa hiyo mapema kabisa kampuni hii ilijifunza thamani ya sura inayopendwa na watoto, na tena ilijifunza kwa sura ya kuazima.

Mwaka 1981 kijana wake mmoja, Shigeru Miyamoto, alitunga mchezo uitwao Donkey Kong. Hapo awali walitaka kumtumia Popeye, lakini haki hazikupatikana, ndipo akabuni watu wake mwenyewe: sokwe mkubwa anayemteka msichana, na seremala mfupi anayepanda ngazi kwenda kumwokoa. Seremala yule ndiye aliyeitwa Mario baadaye, jina lililotokana na mwenye ghala walilopanga karibu na Seattle. Sokwe mkubwa, msichana, jengo refu: aliyewahi kusikia habari za filamu ya King Kong ya mwaka 1933 haitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1982 kampuni ya filamu ya Universal iliishtaki Nintendo, ikidai kwamba sokwe ni wake. Wakati wa shauri lilifumuka jambo la aibu: katika kesi nyingine ya miaka ya sabini, Universal hiyo hiyo ilikuwa imesimama mahakamani kueleza kwamba hadithi ya King Kong ni mali ya umma, ili nayo iweze kuitengenezea filamu. Mwishoni mwa mwaka 1983 Jaji Robert Sweet aliamua kwamba Universal haikuwa na haki ya pekee juu ya King Kong. Rufaa nayo ilishindwa mwaka 1984. Nintendo, iliyokuwa bado changa nchini Marekani, ikaokoka.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Kampuni iliyoponea kwenye hoja kwamba hadithi ya zamani haiwezi kufungiwa na mtu mmoja, ndiyo leo yenye walinzi wakali kupita wote. Tarehe 27 Machi 2023, wiki chache tu baada ya bustani kufunguliwa, ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake mbili za zamani, yaani Wii U na 3DS, na michezo mingi iliyouzwa humo tu haikununulika tena. Mwaka huo huo Video Game History Foundation, taasisi inayohifadhi historia ya michezo hii, ilitoa utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena kwa kununua kihalali. Ni kweli kwamba Nintendo hukodisha baadhi ya michezo yake ya kale kwa ada. Lakini mwalimu wa historia hawezi kusikia asilimia 87 akalala vizuri.

Pamoja na hayo yote tulikwenda. Mtoto hana kesi na mtu.

Huingia kwa kupita ndani ya bomba kubwa la kijani, na ukitokea upande wa pili ni rangi tupu: uyoga, sarafu zinazozunguka, masanduku ya kupigwa kwa ngumi. Mjukuu wangu aliyapiga yote, nami nikapiga moja, likalia, watu wakacheka. Nakiri nilifurahi. Foleni ya mchezo mkubwa hupita ndani ya ngome ya adui wa Mario, na humo kuna chumba kilichopambwa kama maktaba. Nikasimama kama kawaida yangu kutazama migongo ya vitabu, mpaka mtoto akanivuta mkono. Ni vitabu vya kutazamwa tu.

Hapo kwenye foleni ndipo nilipomsimulia habari za sokwe na jaji. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza:

"Kwa hiyo Babu, hawa wenye bustani ndio walimshtaki Mario?"

"Ndio hao."

"Na sasa wanakaa nyumba moja?"

"Wanakaa, na wanagawana kiingilio."

Akafikiri kidogo. "Basi na yule mtu wa Kanada watapatana naye?"

Sikuwa na jibu. Wakubwa wakigombana hupatana, kwa sababu kila mmoja ana kitu anachokitaka mwenzake. Mdogo hana cha kupatania.

Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku langu la makaratasi ya chuoni. Nilikuta sura tatu za kitabu kile, wino umefifia, kingo zimeliwa na mende. Nilijaribu kukitafuta kitabu chenyewe kwa wauza vitabu ninaowafahamu, nikakikosa. Kurasa zile nilizidurufu bila haki, na nikimwona mwandishi wake leo nitamwomba radhi. Lakini nimezifunga kwenye nailoni na kuzirudisha sandukuni.