Mshipi wa Ratili Ngapi? Hesabu ya Richard Walker na Fito za Mwanzi

Alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1952, katika bwawa dogo la Redmire, Herefordshire, Uingereza, Richard Walker alimvua karpi wa ratili 44, karibu kilo 20. Rekodi ya nchi hiyo ilikuwa ratili 31 na robo, iliyowekwa na Bob Richards mwaka mmoja kabla, kwenye bwawa hilohilo. Samaki huyo hakuliwa. Alipelekwa katika bustani ya wanyama ya London, akaitwa Clarissa, akaishi huko hadi 1971.

Wengi humkumbuka samaki. Mimi naona ufito wake wa kuvulia ndio uliostahili sifa kubwa zaidi. Walker alikuwa mhandisi, na ufito ule wa mwanzi, wa futi 10, alioupa jina la Mark IV, aliubuni na kuutengeneza mwenyewe. Baadaye kampuni ya B. James & Son ya Ealing, London, ikawa inaunda fito za namna hiyo na kuziuza.

Mwanzi uliopendwa na mafundi ni ule uitwao wa Tonkin, ingawa kwao hasa ni Guangdong, kusini mwa China. Hupasuliwa, ukarandwa hadi kupata vipande sita vyenye pembe tatu, kisha vipande hivyo vikagandishwa kwa gundi kuwa ufito mmoja wa pande sita. Nguvu ya mwanzi imo katika nyuzi zilizo karibu na ganda, kwa hiyo fundi hodari huranda upande wa ndani na kuziacha nyuzi hizo bila kuzigusa.

Mishipi ya zamani ilikuwa ya hariri. Nailoni ilipopatikana katika maabara za DuPont, Marekani, mwaka 1935, na kuenea baada ya vita, mvuvi alipata mshipi mwembamba, usiooza, wenye nguvu nyingi. Ikawa rahisi kufunga mshipi unaoushinda ufito wenyewe. Samaki mkubwa akivuta, kitu kimoja lazima kikatike, na heri kiwe mshipi, unaonunuliwa upya kwa bei ndogo.

Basi, mshipi wa ratili ngapi ndio unaoufaa ufito? Jibu la Walker lilikuwa la kihandisi. Ufito hushikwa imara kwenye mpini, na ncha yake huvutwa kwa mshipi uliofungwa kwenye mizani ya springi, mpaka ncha ielekee pembe mraba na mpini. Uzito unaosomeka wakati huo ndio kipimo cha mpindo. Kizidishe mara 5, upate nguvu ya mshipi unaoufaa ufito huo. Mara 4 ni kiwango cha chini, mara 6 ni cha juu. Mark IV hupinda hivyo kwa ratili moja na nusu, kwa hiyo mshipi wake ni wa ratili 7 na nusu, na mipaka yake ni ratili 6 hadi 9. Hesabu hii ilimwezesha mvuvi yeyote kupata jibu kwa mizani badala ya kubahatisha.

Hata hivyo, Walker alikuwa akipima fito mpya. Ufito wa miaka 70 huenda umepinda na kubaki umepinda, gundi imekauka, au maungio ya chuma yamelegea. Kwa ufito ambao hujui umepitia mikono gani, naushikilia msimamo huu: mara 4 iwe ndiyo dari. Nailoni za leo nazo mara nyingi hustahimili zaidi ya nguvu iliyoandikwa kwenye kasha, kwa hiyo ipime yako kwa mizani ileile. Mshipi wa kusuka wa polithini uweke kando kabisa: hauvutiki, na kila mtikiso wa samaki huupiga ufito moja kwa moja.

Hayo yote hayaufanyi mwanzi kuwa pambo la ukutani. Mwaka 1980, wakati fito za nyuzi za kioo na kaboni zilikuwa zimeshatawala, mvuvi Chris Yates alirudi Redmire na Mark IV, akamtoa karpi wa ratili 51 na nusu. Basi ukirithi ufito wa mwanzi, uende nao majini. Ila kabla ya kufunga ndoana, upime mpindo wake, na ukisita kati ya mishipi miwili, chagua mwepesi.