COMICO na masheikh wa mwambao wa Fizi

Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliutambua Uislamu kisheria chini ya jumuiya moja ya nchi nzima, ile ambayo leo inaitwa COMICO. Muhuri wa Kinshasa ulikuta kazi imekwishaanza. Kando ya Ziwa Tanganyika, katika mwambao wa Fizi, masheikh walikuwa wakisalisha, wakifundisha na kuzika tangu enzi za mababu.

Dini huku iliingia kwa maji. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita rasi ya Ubwari hadi Uvira, na wafanyabiashara Waislamu walikuwa wamewatangulia. Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na kidonda chake hakifichiki. Wabelgiji walipoivunja nguvu ya mfanyabiashara Rumaliza mwaka 1894, misafara yake ikakoma.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akabaki. Wakoloni walimtazama kwa jicho baya, hasa tarika ya Kisufi ya Qadiriyya ilipovuka kutoka Ujiji kwenda Maniema katika miaka ya 1920. Yeye silaha zake zilikuwa ubao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi: mtoto akishahifadhi sura, ubao huoshwa, na nyingine huandikwa.

Uislamu hauna upadri. Imamu hutangulizwa mbele na watu wanaoiamini elimu yake na mwenendo wake. Watu haohao humfuata awafungishie nikahi, awagawie mirathi, awapatanishe mke na mume, aongoze kuoshwa kwa maiti usiku wa manane. COMICO iliongeza juu ya hayo shule zinazoendeshwa kwa mkataba na serikali, ambako mtoto wa Kiislamu hukaa dawati moja na mwenzake Mkristo.

Kisha vita. Kuanzia 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kukimbilia Kigoma, wengi wakaishia kambi ya Nyarugusu. Hata kambini, swala ya jamaa haidai jengo. Watu wawili na mahali safi vinatosha. Tangu 2005 meli za HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, zikaanza kuwarudisha, zikitia nanga Baraka, mji wenye jina la dua.

Wavuvi wa ndagala hapo huuhesabu mwezi, kwa kuwa taa zao huvuta samaki usiku wa giza. Shaabani ikielekea ukingoni, shehe naye husimama ufukweni baada ya magharibi, macho juu ya milima, akiutafuta mwezi uleule.