Uwiano wa Uzalishaji: Istilahi Inayokosekana Katika Mjadala wa Nyuklia na Jua

Tangu Kenya iunde kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia mwaka 2010, idadi inayotajwa mara nyingi ni megawati 1,000. Huo ndio ukubwa wa mtambo uliokusudiwa kujengwa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, kabla wakazi hawajaupinga kwa nguvu mwaka 2024 na macho ya serikali kugeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wapinzani wa nyuklia nao hujibu kwa idadi ya namna hiyo hiyo: jengeni sola ya megawati 1,000, mambo yaishe, ni salama, hujengwa upesi, na jua halitumiwi bili. Hapo ndipo pande zote mbili hupotea, kwa sababu megawati 1,000 za nyuklia na megawati 1,000 za jua si kiasi kimoja cha umeme. Hazikaribiani hata kidogo.

Wahandisi wana kipimo kinachotenganisha mambo haya. Kiingereza hukiita capacity factor. Katika makala hii nakiita uwiano wa uzalishaji, na nitaeleza kwa nini nimeyaacha majina mengine. Kwanza tukielewe chenyewe.

Tuanze na neno ambalo kila mnunuzi wa tokeni au wa LUKU analijua: uniti. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Megawati hueleza nguvu ya mtambo kwa wakati mmoja. Uniti hueleza umeme uliotoka na kumfikia mtu. Mtambo wa megawati moja ukienda kwa nguvu zake zote kwa saa nzima hutoa uniti 1,000. Mwaka una saa 8,760, basi megawati hiyo moja isiyosimama kamwe ingetoa uniti milioni 8.76 kwa mwaka.

Hakuna mtambo usiosimama. Chukua uniti ambazo mtambo umetoa kwa mwaka mzima, uzigawanye kwa zile ambazo ungetoa kama ungekwenda kwa nguvu zote kila saa, usiku na mchana, kiangazi na masika. Jibu ndilo uwiano wake wa uzalishaji, na huandikwa kwa asilimia.

Mtambo wa jua wa Garissa, uliozinduliwa mwaka 2019, unatajwa kuwa wa megawati 50. Kama jua lisingetua Garissa, ungetoa uniti milioni 438 kwa mwaka. Makadirio ya mradi wenyewe yalikuwa kama uniti milioni 76. Gawanya, unapata asilimia 17 na ushei. Vinu vya nyuklia vya Marekani, kwa wastani, hupita asilimia 90. Rudi sasa kwenye zile megawati 1,000: za nyuklia, kwa uwiano wa asilimia 90, ni uniti bilioni 7.9 kwa mwaka. Za jua, kwa uwiano wa Garissa, ni bilioni 1.5. Tofauti ni mara tano. Anayesema tubadilishane megawati kwa megawati anaahidi sehemu moja ya tano ya umeme, hata kama hajui kwamba anaahidi hivyo.

Asilimia 17 hiyo inatoka wapi? Ingia duka lolote la sola, Malindi au Mwanza, utauziwa paneli ya wati 400. Wati hizo zilipimwa kiwandani, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati saa saba mchana paneli hiyo hiyo hufika nyuzi 60, na joto linavyozidi umeme unapungua. Lipo vumbi la barabara. Upo mwembe wa jirani unaotupa kivuli kuanzia saa tisa. Wingu la alasiri linapita, kisha unaingia usiku, ambao peke yake umechukua nusu ya saa zote. Ukipata uniti 1.6 kwa siku umepata vizuri, nayo paneli kwa nguvu zake zote kwa saa 24 ingetoa 9.6. Hiyo ni asilimia 17, ile ile ya Garissa, na fundi aliyeifunga hakukosea chochote. Ujerumani, yenye jua hafifu, hupata kama asilimia 10 tu, na bado imejaza paneli kwenye mapaa yake na kuvizima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia tarehe 15 Aprili 2023.

Sasa jina. Njia fupi ni kutafsiri neno kwa neno, na njia hiyo inatuletea “kipengele cha uwezo” au “kigawo cha uwezo”. Kipengele ni sehemu moja ya kitu chenye sehemu nyingi. Hakibebi wazo la kulinganisha. Kigawo kina kazi yake tayari: mwanafunzi wa darasa la tano anakijua katika Kigawo Kikubwa cha Shirika, na akisoma “kigawo cha uwezo” atatafuta namba inayougawanya uwezo bila baki. “Asilimia ya uzalishaji” inavutia kwa wepesi wake, lakini ukiandika kwamba asilimia ya uzalishaji wa nyuklia Ufaransa ni 70, msomaji ataelewa, na kwa haki kabisa, kwamba asilimia 70 ya umeme wa Wafaransa hutoka kwenye nyuklia. Hilo ni jambo jingine, tena ni kweli kwa takriban. Istilahi moja haiwezi kubeba yote mawili.

Neno la hatari kuliko yote ni “ufanisi”. Ndilo linalomjia mwandishi wa habari haraka, na ndilo linaloharibu hesabu. Ufanisi wa paneli ni sehemu ya mwanga unaoigonga ambayo inageuka umeme. Kwa paneli za siku hizi ni kama asilimia 20. Ufanisi wa kinu cha nyuklia ni sehemu ya joto lake ambayo inageuka umeme. Ni kama theluthi moja, na joto lililobaki huishia baharini, mtoni au angani. Tazama mtego ulivyo. Kwa sola, ufanisi ni 20 na uwiano wa uzalishaji ni 17, namba mbili zinazokaribiana kiasi kwamba anayezichanganya hashtuki. Kwa nyuklia, ufanisi ni 33 na uwiano ni 90. Mtu akilinganisha ufanisi wa nyuklia na uwiano wa jua, au kinyume chake, atapata jawabu lolote analolitaka. Wizara na magazeti yakiyaandika mawili haya kwa neno moja, raia hana njia ya kujua ni lipi aliloambiwa.

“Uwiano” unafundishwa shule ya msingi, na kitu chenyewe ni uwiano hasa: kilichotoka kwa kilichowezekana. Kwa wasomaji wa Tanzania tungeweza kusema “uwiano wa ufuaji”, maana kufua umeme ni msemo uliozoeleka katika hotuba za bajeti na taarifa za shirika la umeme la TANESCO, nami naupenda. Lakini Mombasa au Nakuru ufuaji ni wa nguo, na istilahi ya mjadala wa kanda nzima inapaswa kueleweka pande zote za mpaka. Uzalishaji unaeleweka kote.

Kuwa na neno hakutoshi. Lazima litumike kwa haki, na haki inaanza kwa kukubali kwamba uwiano mdogo si aibu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Uniti zinazotarajiwa kwa mwaka ni takriban bilioni sita, yaani uwiano wa kama theluthi moja. Bwawa halina kasoro kwa hilo. Maji yana msimu, na mashine ziliwekwa nyingi ili umeme uweze kutoka kwa wingi unapohitajika. Majenereta ya dizeli nayo huwa na uwiano mdogo kwa sababu mafuta ni ghali, hivyo majenereta huwekwa kama akiba ya dharura.

Uwiano mkubwa nao haukuandikwa kwenye chuma. Koeberg, karibu na Cape Town, ndicho kituo pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika, chenye vinu viwili. Kinu cha kwanza kilizimwa Desemba 2022 ili kubadilishiwa mitambo ya kuzalisha mvuke, kikarudi Novemba 2023. Mwezi uliofuata kikazimwa cha pili kwa kazi kama hiyo, na mwaka mwingine ukapita. Kwa takriban miaka miwili Afrika Kusini, ambayo kwa sehemu ya kipindi hicho ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, ilitegemea nusu ya Koeberg. Ufaransa, mwaka 2022, nyufa za kutu kwenye mabomba ziliwalazimisha wahandisi kuzima vinu vingi kwa wakati mmoja, na uzalishaji ukashuka hadi uniti bilioni 279, kiwango cha chini kuliko vyote katika miaka zaidi ya 30.

Mfano unaoweka pande zote mbili mezani bila upendeleo uko Abu Dhabi. Kituo cha nyuklia cha Barakah kina vinu vinne vyenye jumla ya megawati 5,600. Hutoa kama uniti bilioni 40 kwa mwaka, robo ya mahitaji ya umeme ya Falme za Kiarabu. Januari 2025 falme hizo zilitangaza mradi wa jua wa karibu ukubwa huo huo, megawati 5,200, pamoja na betri za kuhifadhi uniti milioni 19. Umeme ulioahidiwa, mfululizo usiku na mchana, ni megawati 1,000. Paneli za megawati 5,200 ili kupata megawati 1,000 zisizokatika: hiyo ndiyo hesabu ya jua ikisemwa kwa ukweli, kwenye nchi ya jangwa lenye anga jeupe. Lakini mkataba wa Barakah ulitolewa kwa Korea Kusini Desemba 2009, na kinu cha nne kikaanza biashara Septemba 2024. Mradi wa jua na betri umepangiwa kuanza kazi mwaka 2027. Uniti nyingi baada ya miaka 15, au uniti chache baada ya miaka miwili mitatu. Mjadala wa sera unapaswa kuanzia hapo.

Kenya hali ni ngumu zaidi, na hapa nasema msimamo wangu wazi. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme yalivuka megawati 2,300 mwanzoni mwa 2025, nayo huja jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati paneli zote nchini zimelala. Upande huo sola bila betri haina jibu. Lakini ikifika saa tisa usiku mahitaji yanashuka sana, kiasi kwamba mitambo ya jotoardhi ya Olkaria hulazimika kuachia mvuke upotee hewani kwa kukosa mnunuzi. Tuna tayari umeme wa uwiano mkubwa, usio na moshi, wa nyumbani, nasi tunaumwaga usiku. Kinu cha nyuklia hulipa gharama zake kwa kwenda mfululizo. Ule uwiano wa asilimia 90 unachukulia kwamba yupo mtu wa kununua uniti za saa tisa usiku. Kwa Kenya ya leo, uniti hizo zingegombana na mvuke wa Olkaria.

Liko pia suala la ukubwa wa kipande kimoja. Kanuni ambayo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekuwa likiwapa wageni wa nyuklia ni kwamba kinu kimoja kisizidi takriban asilimia 10 ya gridi. Kinu cha megawati 1,000 kwenye gridi ya mahitaji ya 2,300 ni zaidi ya asilimia 40. Agosti 2023, Kenya karibu yote ilipoingia gizani, waziri alitaja kupotea ghafla kwa megawati 270 za upepo wa Ziwa Turkana, huku wenye mtambo wakisema gridi ndiyo iliyowazima. Vyovyote ilivyokuwa, hizo zilikuwa megawati 270. Kinu cha 1,000 kikizimika ghafla, nacho kitazimika siku moja maana vyote huzimika, gridi hii haitasimama.

Kwa hiyo, kwa miaka hii kumi, naona busara iko kwenye jotoardhi, betri za jioni, sola zaidi na nyaya nzito za kuunganisha gridi na Tanzania, Uganda na Ethiopia. Nyuklia isubiri gridi ikue, au ije kwa vinu vidogo vikishathibitika kwingine. Mwenye maoni tofauti anaweza kunishinda kwa hesabu, na nitafurahi hesabu hiyo ikiletwa, mradi iletwe kwa uniti.

Takwimu si siri. Mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, huchapisha uniti zilizozalishwa na kila chanzo nchini Kenya, na megawati zake ziko kwenye taarifa hizo hizo. Kugawanya ni kazi ya kikokotoo cha simu. Ombi langu kwa wahariri ni dogo: kila megawati zinapotajwa katika habari, ziandikwe pembeni uniti zinazotarajiwa kwa mwaka na uwiano wa uzalishaji. Na wewe msomaji, utakapoitwa kwenye baraza la wananchi kuhusu mtambo wowote, wa nyuklia au wa jua, inua mkono uulize: uniti ngapi kwa mwaka, na zitatoka saa ngapi?