Chaneli 27 ya Portsmouth: Historia Fupi ya WYAH, 1961–1989

Tarehe 1 Oktoba 1961, katika mji wa bandari wa Portsmouth, jimbo la Virginia nchini Marekani, kituo kidogo cha televisheni kilianza kurusha matangazo kupitia chaneli 27. Kiliitwa WYAH, herufi zilizotokana na Yahweh, jina la Mungu wa Israeli, na kinahesabiwa kuwa kituo cha kwanza cha televisheni nchini humo kilichoanzishwa kwa ajili ya matangazo ya Kikristo. Wanaokikumbuka leo hukitaja kwa haraka, kama ngazi ya kwanza tu aliyoipanda mwanzilishi wake, Pat Robertson, kabla mtandao wake wa CBN haujaenea duniani. Nionavyo mimi, kumbukumbu ya namna hiyo inakinyima kituo haki yake. WYAH ilikuwa taasisi kwa sababu ilikuwa ndogo na ilikuwa karibu na watu wake. Ilisimama pale watazamaji walipoanza kuijibu, kwa simu na kwa mchango wa kila mwezi, na kadiri CBN ilivyopata njia za kuwafikia watu wa mbali, ndivyo kituo kilivyopungukiwa na sababu ya kuwapo.

Mazingira ya kuzaliwa kwake yanaeleza mengi. Robertson alikuwa mtoto wa seneta wa Virginia, amesoma sheria Yale, kisha akamaliza masomo ya theolojia New York mwaka 1959. Kwa masimulizi ya CBN yenyewe, alifika Portsmouth mwishoni mwa mwaka huo akiwa na mke, watoto na dola 70 mfukoni. Shirika la CBN likasajiliwa tarehe 11 Januari 1960, na bei ya kituo alichokitaka, kama inavyosimuliwa, ilikuwa dola 37,000. Bei hiyo ilikuwa ndogo kwa kuwa kituo chenyewe, WTOV, kilikuwa kimeshakufa. Chaneli 27 ilikuwa katika masafa ya UHF, na televisheni nyingi za wakati ule hazikuweza kuyanasa. Mwenye nyumba alilazimika kununua kifaa cha ziada na antena yake. Watangazaji wa biashara waliyakimbia masafa hayo. Mwaka 1959 kituo jirani cha WVEC, kilichokuwa UHF kwenye chaneli 15, kilihamia chaneli 13 ambayo kila televisheni iliipata. Yaani Robertson alinunua mahali ambapo wafanyabiashara wazoefu walikuwa wanahama. Sheria ya kulazimisha viwanda vitengeneze televisheni zinazonasa chaneli zote ilipitishwa mwaka 1962, na ilianza kuhusu televisheni mpya mwaka 1964. Kwa hiyo, katika miaka yake ya mwanzo, WYAH ilitazamwa hasa na mtu aliyegharimia kuinasa. Ilikuwa hadhira haba, lakini ya watu walioitafuta wenyewe.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuhitaji kituo kamili, wala si kipindi kimoja cha Jumapili. Kwa miaka mingi mitandao mikubwa ya Marekani ilitoa muda wa bure kwa dini, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwa makanisa makongwe ya Kiprotestanti, pamoja na Wakatoliki na Wayahudi. Wainjilisti na Wapentekoste kwa kawaida walilazimika kulipa, na si kila kituo kilikubali fedha zao. Mwaka 1960 tume ya mawasiliano ya serikali, FCC, ilieleza kuwa haitatofautisha tena vipindi vya bure na vya kulipiwa katika kupima huduma ya kituo kwa umma. Hapo muda wa bure ukaanza kupungua na mlango ukafunguka kwa wenye fedha. Robertson hakuwa nazo. Aliingia hewani na kituo kilichorusha matangazo saa chache tu za jioni, kwa picha nyeusi na nyeupe, bila matangazo ya biashara ya kutegemea na bila kanisa kubwa la kukibeba.

Kilichokiokoa kilitoka sebuleni kwa watu. Mwaka 1963, katika kipindi maalumu cha changizo, Robertson aliomba watazamaji 700, kila mmoja aahidi dola 10 kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa wazi: dola 7,000 zingetosha kuendesha kituo mwezi mzima. Hapa ndipo penye kiini cha historia yote. Matajiri hawakuombwa wafadhili mradi. Jirani aliombwa kiasi ambacho mfanyakazi wa bandarini angeweza kukipanga katika bajeti ya nyumba yake, naye akaambiwa sehemu yake ni ipi katika gharama nzima. Miaka miwili baadaye Jim na Tammy Bakker, vijana walioajiriwa kuendesha kipindi cha watoto chenye vikaragosi, walikuwapo katika changizo lingine. Jim alilia mbele ya kamera akisema fedha hazijatosha, na simu zikaingia mfululizo. Wengi walipiga kuahidi fedha, na wengine walipiga kuomba waombewe. Mwaka 1966 mchanganyiko huo wa maombi, mazungumzo na simu ukafanywa kipindi cha kudumu, The 700 Club, ambacho jina lake lilitokana na wale wachangiaji 700. Kabla ya hapo televisheni ya kidini ilikuwa zaidi mahubiri au ibada iliyopigwa picha. Chaneli 27 ilimpa mtazamaji sauti ndani ya kipindi, na aliyepiga aliweza kuwa mtu wa mtaa wa pili kutoka studio.

Ziko hoja nzito dhidi ya sifa hizi, na nzito kuliko zote inahusu machozi hayohayo. Jim Bakker aliondoka CBN mwaka 1972, akajenga huduma yake ya televisheni, PTL, huko Charlotte, na mwaka 1989 mahakama ilimtia hatiani kwa ulaghai: watu walitoa dola 1,000 kwa ahadi ya kulala bila malipo kila mwaka katika hoteli za Heritage USA, kituo cha mapumziko cha PTL, na ahadi zilizouzwa zilizidi vyumba vilivyokuwapo. Je, mbegu haikupandwa Portsmouth? Ilipandwa, na mwandishi wa kumbukumbu hana haki ya kulificha hilo. Lakini tuangalie kilichobadilika katikati. Mchangiaji wa WYAH alilipia kitu alichokiona kila jioni. Fedha zisipotosha, skrini ingekuwa tupu, naye angejua. Mchangiaji wa PTL alikuwa mbali na vyumba alivyolipia. Ukaribu si ukaguzi wa hesabu, na haukumfanya mtu yeyote kuwa mwadilifu. Ulichofanya ni kufupisha njia kati ya ahadi na ushahidi wake, na njia hiyo iliporefuka, udanganyifu ulipata nafasi.

Wengine watasema kukua ndiko kulikokusudiwa, kwa kuwa Injili haikuagizwa ikae Portsmouth. Hoja hiyo naiheshimu. CBN ilipata vituo Atlanta, Dallas na Boston, na tarehe 29 Aprili 1977 ikaanza kutumia setilaiti kuwafikia watazamaji wa kebo nchi nzima, ikiwa miongoni mwa mitandao ya mwanzo kabisa kufanya hivyo. Waliofikiwa na neno ambalo wasingelipata kwingine hawawezi kupuuzwa. Ila chaneli hiyo ya setilaiti ilizidi kujazwa burudani ya familia, ikawa The Family Channel, na mwaka 1997 ikauzwa kwa dola bilioni 1.9 kwa kampuni isiyo ya dini. WYAH nayo ilirusha katuni na filamu za zamani mchana ili ijiendeshe, na wapo waliolalamika kuwa ilichanganya madhabahu na soko. Mimi silioni hilo kuwa kosa lake kubwa: katuni za mchana zilimlipia umeme mhubiri wa usiku, na watoto wa mji walikuwa watazamaji halali. Tofauti ni kwamba kwenye setilaiti burudani iliishia kutawala chaneli.

Hoja ya siasa haitaki maneno mengi. Robertson aligombea uteuzi wa urais kupitia chama cha Republican mwaka 1988, akaanzisha shirika la kisiasa la Christian Coalition mwaka uliofuata, na baadhi ya kauli zake za baadaye, kama ile ya kuhusisha tetemeko la Haiti la 2010 na mapatano na shetani, ziliwaumiza hata Wakristo wenzake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na wafuasi na wapinzani wengi. Hayo yote yalimtaka awe na hadhira ya taifa, na WYAH haikuwa nayo. Mwaka 1989 CBN ilikiuza kituo chake cha kwanza, herufi zikabadilishwa kuwa WGNT, na chaneli 27 ikaendelea kama kituo cha kawaida cha biashara. Makao makuu ya CBN yalikuwa yameshahamia Virginia Beach, ambako The 700 Club huandaliwa mpaka leo. Kipindi hicho kinaendelea kubeba hesabu ya wachangiaji wa 1963, ilhali katika historia nyingi za CBN watu hao 700 hupewa sentensi moja, na anayepewa sura nzima ni mwanzilishi.