Sfingolipidi, Leptospira na Homa ya Mgunda: Historia Fupi kwa Mtazamo wa Mgeta

Insha hii inajadili namna maarifa kuhusu mafuta ya utando wa seli yalivyokutana na historia ya homa inayowapata watu wafanyao kazi katika maji na matope. Hoja ya msingi ni kwamba homa hiyo ilifahamika maabara mapema kuliko ilivyofahamika kwa wakulima, na gharama ya pengo hilo hulipwa na mgonjwa. Mgeta, katika miteremko ya Uluguru, inafaa kuwa kituo cha mtazamo huu: wakazi wake hulima kabichi na karoti kwa maji ya mifereji, na hufuga nguruwe na mbuzi.

Mwaka 1884, mjini London, mkemia J. L. W. Thudichum aliipa dutu mojawapo ya ubongo jina la Sphinx, kiumbe wa ngano za Wagiriki aliyetega vitendawili, kwa kuwa dutu hiyo ilimfumba. Ndiyo asili ya neno sfingolipidi. Miaka miwili baadaye, Adolf Weil wa Heidelberg alieleza homa kali inayoambatana na umanjano wa macho na maradhi ya figo. Mwaka 1916, Inada na Ido wa Japani walichapisha ushahidi kwamba chanzo chake ni bakteria aliyejisokota, ambaye baadaye aliitwa leptospira. Panya na mifugo humhifadhi figoni na kumtoa kwa mkojo. Binadamu humpata kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo.

Historia hizo mbili zilikutana baada ya karne moja. Mwaka 1990, watafiti nchini Uholanzi walichapisha uchambuzi wa jeni ya leptospira inayotengeneza sfingomielinesi, yaani kimeng'enya kinachokata sfingomielini, sfingolipidi iliyo katika utando wa seli za wanyama. Utando ukikatwa, seli nyekundu za damu hupasuka. Uchunguzi uliofuata ulibainisha kwamba leptospira wasiosababisha ugonjwa hawana jeni za aina hiyo, na kwamba bakteria hutoa kimeng'enya kingi zaidi anapotoka katika maji baridi na kukutana na chumvi ya mwilini. Kwa maneno mengine, kuhama kutoka mferejini hadi kwenye damu ndiko kunakomwamsha.

Morogoro haikuwa nje ya elimu hiyo. Mwaka 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walieleza aina mpya ya leptospira iliyopatikana kwa ng'ombe wa Tanzania, ikaitwa Sokoine. Jina la Sokoine likaingia katika orodha za maabara za dunia. Hata hivyo, hospitalini homa iliendelea kuitwa malaria. Utafiti uliofanyika Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 ulihusisha wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: 528 walidhaniwa na matabibu kuwa na malaria, lakini ilithibitika kwa 14 tu. Leptospira alikuwa miongoni mwa vyanzo halisi vilivyopatikana.

Julai 2022, baada ya watu kuugua na wengine kufariki wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, Wizara ya Afya ilitangaza ugonjwa huo kwa jina la homa ya mgunda. Katika lugha kadhaa za Kibantu za mashariki mwa Tanzania, mgunda ni shamba. Jina hilo linaeleza mahali pa hatari kuliko istilahi yoyote ya kigeni.

Kwa kuhitimisha, kitendawili cha Thudichum kimeteguliwa kwa sehemu kubwa, lakini jibu lake lina thamani pale tu linapomfikia mwenye jembe. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki zikitolewa mapema. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayempokea mkulima wa Mgeta mwenye homa anapaswa kuuliza, pamoja na habari za mbu, habari za mfereji, zizi na panya wa ghalani.