Hekalu la Thelathini

Katika kisiwa cha Shikoku, nchini Japani, iko njia ya hija yenye mahekalu 88 ya dini ya Buddha. Urefu wake hupata kilomita 1,200 hivi, nayo hukizunguka kisiwa chote. Mahujaji huifuata kwa kumkumbuka Kukai, mtawa aliyezaliwa mwaka 774 akafariki mwaka 835, nao husadiki kuwa hutembea pamoja na kila msafiri wa njia hiyo. Kila hekalu lina nambari yake, na hujaji hupigiwa mhuri katika daftari kuwa ushahidi wa kufika kwake. Basi nambari si jambo dogo.

Hekalu la 30 huitwa Zenrakuji. Limo katika mji wa Kochi, ubavuni pa nyumba kuu ya ibada ya Shinto katika jimbo lililoitwa Tosa. Kwa karne nyingi dini hizo mbili zilikaa kwa ujirani mwema. Watawa wa Buddha walihudumu katika nyumba ya miungu, na hujaji aliomba pande zote mbili wala hakuulizwa.

Mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Meiji ilitoa amri ya kuzitenga dini hizo, kwa shabaha ya kuitukuza Shinto iwe nguzo ya dola. Amri yenyewe haikutaja ubomoaji, walakini mahali pengi mahekalu yalivunjwa, na Tosa ilidhurika sana. Zenrakuji likafungwa. Sanamu yake ya Amida ilipelekwa kwanza Kokubunji, hekalu la 29. Kisha mwaka 1876 ikapewa makao Anrakuji, hekalu jingine mjini Kochi. Nambari ikaifuata sanamu.

Zenrakuji lilifufuliwa mwaka 1929 mahali pake pa zamani, na hapo ndipo mzozo ulipozuka. Upande wa Anrakuji ulikuwa na haki ya mlezi: ndio uliohifadhi amana siku za dhiki. Upande wa Zenrakuji ulikuwa na haki ya asili: pale ndipo nyayo za wahenga zilipopita. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa katika nambari moja miaka mingi. Mahujaji, kwa kuchelea hija yenye pengo, wengi wao walizuru mahekalu yote mawili.

Suluhu ilipatikana mwaka 1994. Zenrakuji lilithibitishwa kuwa hekalu la 30, na Anrakuji likapewa heshima ya kuwa hekalu lake la ndani. Mahali palirudishiwa nambari, na mlezi hakufukuzwa.

Amri hiyo iliacha jeraha la miaka 126. Dola ilitenga kwa wino vitu ambavyo watu walikuwa wameviunganisha kwa miguu yao, na walioliponya jeraha hilo si watoa amri, bali ni wenye mahekalu wenyewe, kwa kukubali kila mmoja kupungukiwa kidogo.